Chiriku wa uani haruki nikimsogelea, nifanyeje?

Kijana wa Pasua: Wakuu habarini. Niko Moshi. Nimetundika kifuniko cha ndoo kwenye mparachichi, naweka mtama, chiriku wanakuja kula na kuimba. Tangu juzi mmoja amejitutumua manyoya hadi kawa mviringo, anasinzia mchana kweupe, anaokota punje inamdondoka. Nikimsogelea haruki. Ni hii baridi ya Julai? Nimekosa amani.

Mangi Kibosho: Bibi yangu alisema ndege akikuzoea hivyo, mgeni yuko njiani. Chemsha ndizi mapema.

Mama Wawili: Mtama unaning'iniza mtini, watoto wa jirani wamekula?

Mfugaji Rau: Mkuu, chini ya mti kuna nini? Kifuniko umekiosha lini?

Kijana wa Pasua: Kuna kuku wangu 12, wanaokota zinazodondoka. Kifuniko sijaosha, masika mvua ilikuwa inakiosha. Halafu chiriku nilishamkamata jana, yuko kwenye boksi la viatu chumbani kwa watoto. Nampa maziwa na dawa ya kuku. Msinilaumu, paka angemla.

Tunguri: Chai hii! Utotoni Machame nilitega chiriku kwa ulimbo, asubuhi nzima unapata mmoja, tena anakudonoa. Wewe umemwokota kwa mkono? Picha iko wapi?

Mama Wawili: Kumbe chai, na mimi nasoma kwa makini.

Mfugaji Rau: Ulimbo ni wa ndege mzima, Tunguri. Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishe. Akikubali kushikwa, kazidiwa. Mkuu, acha maziwa, tumbo la ndege haliyawezi. Boksi litoke kwa watoto, wanawe mikono kwa sabuni, salmonela (bakteria wa kuharisha) hupita kwenye kinyesi hadi kwa watu. Mweke penye joto na giza. Kifuniko osha kwa sabuni, kisha jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, suuza, anika juani, usitundike kwa wiki 2.

Kijana wa Pasua: Nimekishusha. Boksi liko stoo, kitinda mimba analia. Dawa naendelea nayo, nimeshainunua.

Mfugaji Rau: Kuku ana kilo nzima na ushee, chiriku hafiki gramu 50. Utampimiaje?

Kijana wa Pasua: Basi naacha. Kuna jambo sikusema. Tetea mmoja naye kajikunyata tangu jana.

Mfugaji Rau: Mtenge sasa hivi, kisha mpigie afisa mifugo wa kata. Usimchinje.