Baba ana kansa ya mapafu, wakili anataka 80k tushtaki kampuni ya sigara. Nitoe?

MtuWaKisauni: Salaam wadau. Babangu kavuta sigara tangu ujana wake bandarini, sasa daktari kasema ni kansa ya mapafu. Binamu yangu alo Toronto katuma voisi eti Kanada kampuni za sigara zimeamriwa zilipe dola za Kanada bilioni 32.5 na wagonjwa wanagaiwa, na hapa kuna wakili asema tukimpa elfu themanini za kufungua faili na sisi twalipwa. Hizo pesa ndo tumechanga za chemo.

Bi_Makupa: Usitoe hata ndururu! Hizo bilioni ni kweli, korti ilipitisha Machi 2025, lakini zaidi ya bilioni 24 zaenda kwa serikali za majimbo kufidia gharama za hospitali. Mgonjwa alipwe lazima awe mkaazi wa Kanada, na kama si wa jimbo la Quebec awe alipimwa akapatikana na ugonjwa kati ya Machi 2015 na Machi 2019. Na kesi ya wavutaji wa Quebec ilozaa malipo hayo ilifunguliwa 1998, hesabu mwenyewe.

kobe_mzee: Si yeye mwenyewe alivuta? Alishikiwa bunduki?

Wakili_Jua_Kali: @kobe_mzee hilo hilo ndo kampuni zilikuwa zikiwajibu wavutaji Marekani miaka na miaka, ulijua ukavuta, na zikishinda. Mpaka 1994 jimbo la Mississippi chini ya mwanasheria mkuu wake Mike Moore likaja na hoja nyingine, kwamba jimbo halijawahi kuvuta hata pafu moja lakini bili ya matibabu ya maskini linalipa lenyewe. Hapo zikabanwa, 1998 zikakubali kulipa majimbo 46 dola bilioni 206 kwa miaka 25. Kwa hivyo mtoa mada ukisikia mabilioni uliza kwanza nani alishtaki, mara nyingi ni serikali. Hapa kwetu kuna kanuni za kudhibiti tumbaku za 2014, kampuni ya sigara itoe asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zake kila mwaka, kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilipinga hadi Korti ya Juu ikashindwa 2019, ila hiyo yaingia mfuko wa serikali si kwa mzee.

MtuWaKisauni: Shukran sana. Nimempigia wakili nikamwambia anitajie mvutaji mmoja tu alolipwa Kenya, kasema yuko kortini atanirudia 😂. Sasa mzee kajisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, lakini mchango wa mwaka hajalipa, tukilipa leo inashika lini?