Kopepodi wanashambulia vifaranga vya kambare, nifanyeje?

Hamjambo wafugaji wenzangu. Niko Kisumu, upande wa Dunga, nalea vifaranga vya kambare kwenye vidimbwi. Narutubisha maji kwa samadi ya kuku ili planktoni, yaani viumbe wadogo sana wanaoelea majini, wazaliane wawe chakula chao. Shida ni kopepodi, vidudu vidogo vya majini, aina ya saiklopsi. Ukichota maji kwa gilasi unawaona wakirukaruka, majike wamening'iniza vifuko viwili vya mayai, na hushambulia vifaranga vichanga kabisa. Mimi nawataka rotifa, planktoni wadogo zaidi na wapole. Chujio la kitambaa linazuia saiklopsi wakubwa, ila watoto wao wanapenya. Najua rotifa ndio hutangulia maji yakiwa mapya. Je, nikaushe kidimbwi, nijaze upya, niweke vifaranga mapema? Ama nivilee kwenye beseni kwanza? Dawa ya wadudu sitaki, ziwa liko hapo tu.