Kipigo cha utotoni na ukimya wa mume wangu

MamaWawili (swali):
Ndugu zangu, mume wangu alilelewa na baba yake mdogo, ambaye alimchapa kwa waya hata kwa kosa la kuchelewa kurudi kisimani. Hajawahi kunipiga, wala watoto. Hata hivyo, nikipaza sauti kumwita tu kutoka jikoni hushtuka, na tukikosana hunyamaza siku tatu au nne, akila na kulala kama mpangaji. Tuko mwaka wa tisa wa ndoa. Je, ni yale ya utotoni, au ni mimi ninayemkosea?

Babu_Juma:
Mwanangu, sote tulichapwa na tukakua. Mwombee tu.

Mkulima78:
Shikamoo mzee. Kwa heshima, mimi nilikua lakini sikupona. Kwetu aliyejibu aliongezewa fimbo, kwa hiyo kunyamaza ndiko kulikoniokoa, na mke wangu akiniuliza “kuna nini?” mimi nilisikia mashtaka. Kilichonitesa zaidi, dada, ni upole wake, kwa sababu shangazi yangu alikuwa akinipakulia nyama kwanza, kisha ananiuliza nani kavunja chungu.

Mnasihi_Dodoma:
Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Ndiyo maana wengi huuita malezi. Mtoto anayeumizwa na yule yule anayemlisha hujifunza kumtegemea mtu na kumwogopa kwa wakati mmoja, na mazoea hayo huyaingiza katika ndoa bila kujua. Si kila aliyepigwa huwa hivyo, hasa kama alikuwapo bibi au jirani wa kumkimbilia.

Usimlazimishe kusimulia. Siku mkiwa na amani, kubalianeni kwamba akizidiwa aseme, “Nipe muda, tutazungumza kesho jioni,” na kesho hiyo ifike kweli, kwa kuwa ukimya wa siku nne unakuumiza nawe pia, hata kama una sababu. Akiwa tayari, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu inaweza kuwaelekeza kwa mtaalamu.

MamaWawili:
Asanteni. Mkulima, hilo la nyama limenigusa: kila nikimpikia chakula akipendacho, huniuliza kwanza nataka nini.