CPA(T), ACCA au CFA kwa anayelenga hazina ya benki?

mhitimu_bcom: Wakuu, habari za kazi. Nina BCom ya Uhasibu, niko Dar, kazi yangu ni kuposti ankara kwenye kampuni ya usambazaji. Nalenga kitengo cha hazina benki (kinachosimamia fedha za benki yenyewe, fedha za kigeni na riba), ukaguzi hapana. Nianze na sifa ipi ya kitaaluma kati ya hizi tatu? Ada natoa mfukoni.

debit_kushoto: Mkuu, CPA(T), ile ya uhasibu ya hapa Tanzania. Kusaini hesabu zilizokaguliwa hapa nchini lazima uwe umesajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu), na matangazo ya uhasibu serikalini huitaja kwa jina. Unasema ukaguzi hapana, sawa, lakini usijifungie mlango bure. Mitihani mikuu ni Mei na Novemba. Kodi utakayosoma ni ya TRA: Sheria ya Kodi ya Mapato Sura 332, VAT Sura 148. Aliyefanya TX (karatasi ya kodi) ya Uingereza kwenye ACCA, sifa ya uhasibu ya Uingereza, anaijua kodi ya London, ritani ya Kariakoo inamtoa jasho.

ledja_kuu: Kwa hazina mimi siitupi ACCA. Karatasi (yaani mitihani) 13, kufaulu ni alama 50. Digrii yaweza kukusamehe hadi 9, ila kila msamaha unalipiwa, na 4 za juu hazisamehewi. Ada ya mwaka ni kwa pauni, unalipa hata kama hukukaa mtihani. Usipolipa unafutwa kwenye daftari. Ukifaulu karatasi ya kwanza ya ngazi ya juu, miaka 7 ya kumaliza ngazi hiyo inaanza kuhesabika.

Karatasi yako ni AFM (usimamizi wa fedha wa ngazi ya juu): NPV (thamani ya leo ya fedha zijazo, ukitoa gharama) ya miradi ya nje, kukinga hatari ya fedha za kigeni na riba, thamani ya kampuni inayonunuliwa. Wengi huangukia hapa kwa sababu walichukua msamaha wa FM (karatasi ya usimamizi wa fedha ya ngazi ya chini yake), wakaingia WACC (wastani wa gharama ya mtaji) imeshasahaulika. Hata ukisamehewa, pitia maswali ya FM kwanza. Na kwenye spredishiti ya mtihani acha fomula ndani ya seli. Ukiandika namba tupu na ikawa na kosa, msahihishaji haoni njia, alama za njia zinaondoka nayo.

mhitimu_bcom: Na CFA?

debit_kushoto: Hiyo ni ya uwekezaji, si ya uhasibu. Ngazi 3, pamoja na saa 4,000 za kazi inayogusa maamuzi ya uwekezaji, kwa muda usiopungua miezi 36. Kuposti ankara hakuingii humo. Isubiri mpaka uwe kwenye dawati la hatifungani au mfuko wa uwekezaji.

ledja_kuu: Hapo tuko pamoja. Kwa mfuko wako basi, CPA(T) itangulie. Peleka transkripti NBAA, upate majibu ya misamaha kwa maandishi kabla hujanunua kitabu hata kimoja. Baadaye ukienda ACCA, jisajili dirisha la mapema, maana karatasi ileile ukichelewa bei inapanda.