Tiba ya wanyama: aombe shahada Sokoine moja kwa moja, aanze na stashahada, au avuke mpaka?

MamaKongwa
Wanajukwaa, salamu kwenu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na tangu akiwa mdogo hajawahi kutaja kazi nyingine zaidi ya kutibu mifugo. Dirisha la udahili limefunguliwa na siku zinakwenda. Mbele yetu zipo njia tatu: aombe shahada ya tiba ya wanyama moja kwa moja katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, aanze na stashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji katika kampasi mojawapo ya LITA (Wakala wa Mafunzo ya Mifugo), kisha ajiendeleze, au aombe Nairobi ama Makerere, kama anavyosisitiza mjomba wake. Naomba mnisaidie kupima, kwa maana mimi na baba yake ni wafugaji, hatukupita chuo, na hatutaki kumpoteza mtoto kwa ushauri wa kubahatisha.

MkaguziNyama
Mama, hongera kwa kumfikisha hapo. Hata hivyo, yale ambayo bila hayo hakuna anayeweza kukushauri kwa haki hujayataja. Amesoma mchepuo gani, na kila somo amepata alama gani? Fizikia na Hisabati za kidato cha nne alipataje? Ada mtailipa wenyewe au mnategemea mkopo wa Bodi ya Mikopo? Naomba ujibu hayo kwanza, kwa sababu njia ya tatu inaweza kufutika kwa swali la mwisho peke yake.

NyandaZaJuu
Wakati tunasubiri majibu, niseme ninaloliamini: aanze na stashahada. Mimi nilipita LITA ya Tengeru, na nilipotoka nilikuwa nimeshika ng'ombe kwa mikono yangu, nimeogesha, nimechanja kuku dhidi ya kideri, nimehasi na nimepima mimba. Mwenye stashahada yenye wastani mzuri anaruhusiwa kuomba shahada kwa sifa linganishi, na Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo wake pekee kwa waombaji wa kundi hilo. Binti atakayefika mwaka wa kwanza wa shahada akiwa amekwisha kuiona ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, kwa macho yake hatasoma kwa kukariri.

DktUluguru
Ninamheshimu NyandaZaJuu, lakini kuna jambo ambalo wazazi wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kwa Sheria ya Veterinari ya 2003, mwenye shahada ndiye anayesajiliwa na Baraza la Veterinari kuwa daktari kamili. Mwenye stashahada huandikishwa kama mtaalamu msaidizi, na hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Simdharau yeyote kwa kusema hivyo, bali mzazi anapaswa kujua kwamba hizi si njia mbili zinazofika mahali pamoja kwa mwendo tofauti. Shahada huchukua miaka mitano. Akipita LITA kwanza aongeze miaka miwili, na yote hiyo ni kwa sharti kwamba wastani wake hautashuka chini ya kiwango cha kuombea shahada. Kama alama zake zinaruhusu, aombe Sokoine sasa, mwaka huu.

Tena, mama, msisome tangazo la jumla la Tume mkaridhika. Kiwango cha chini cha Tume ni cha kuingia chuo kikuu. Kila kozi ina masharti yake yaliyoandikwa kwenye safu yake ndani ya mwongozo, yakiwamo masomo yanayotakiwa na jumla ya pointi. Mtafute ukurasa wa Sokoine, mwende hadi kwenye tiba ya wanyama, mlisome neno kwa neno.

MamaKongwa
Asanteni sana, na mniwie radhi kwa kutotaja mapema. Amesoma CBG. Baiolojia amepata C, Kemia D, Jiografia B. Mkopo tutauhitaji, hilo sitawaficha, kwa kuwa mwaka huu tumeuza ng'ombe wengi kwa ajili ya ukame. Cheti cha kidato cha nne kiko kwa shangazi yake Dodoma, nitamuuliza.

MkaguziNyama
Kwa hesabu ya C kuwa 3, D kuwa 2 na B kuwa 4, ana pointi 9, na masomo yote matatu ni ufaulu kamili. Si haba. Ninachokihofia ni Kemia, kwa sababu katika fani hii Baiolojia na Kemia ndizo zinazotazamwa kabla ya mengine, na Jiografia haiwezi kuzibeba. Waombaji hushindana: anayetimiza masharti hajahakikishiwa nafasi. Kwa hiyo asijaze kozi moja tu. Na hilo la Fizikia ya kidato cha nne bado tunalisubiri.

Kuhusu kuvuka mpaka, mikopo ya Bodi hutolewa kwa wanaosoma katika vyuo vya ndani vyenye ithibati. Mjomba anayesisitiza Nairobi aulizwe kama yuko tayari kulipa kwa miaka mitano.

SubiraPangani
Naomba niwaeleze yaliyomkuta mdogo wangu, kwa sababu kosa lake halikuwa la alama hata kidogo. Alikuwa na ufaulu mzuri kuliko wa binti huyu. Nyumbani kwetu intaneti ilikuwa ya shida, basi akaenda kwenye stesheneri moja mjini, akampa kijana wa pale vyeti vyake na fedha, akakaa pembeni. Yule kijana alijaza fomu za vyuo viwili kwa haraka, na pale palipotakiwa namba ya simu na barua pepe akaweka za ofisi yake, kwa kuwa wateja walikuwa wengi na ndivyo alivyozoea. Mdogo wangu alirudi nyumbani akiwa na karatasi ya risiti tu, bila hata nenosiri la kuingilia akaunti yake.

Majina yalipotoka alikuwa amechaguliwa vyuo vyote viwili, na kimojawapo kilimpa tiba ya wanyama. Tulichinja kuku. Hatukujua kwamba anayechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hupaswa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu, na kwamba muda wa kufanya hivyo ni mfupi. Namba hiyo ilikwenda kwenye simu ya stesheneri. Tulipoelezwa na mwalimu wake wa sekondari, mama alisafiri usiku kwenda mjini, akakuta duka limefungwa kwa sababu mwenyewe alikuwa msibani. Lilipofunguliwa, tarehe ilikuwa imepita. Katika awamu iliyofuata, nafasi za tiba ya wanyama hazikuwapo tena. Zilizobaki zilikuwa za kozi ambazo hakuzipenda. Alikaa nyumbani mwaka mzima akichunga mbuzi wa babu, na siwezi kueleza jinsi alivyokuwa akikwepa maswali ya majirani.

Mama, nakusihi: simu iwe ya binti mwenyewe, barua pepe iwe yake, nenosiri aliandike kwenye daftari, na yeye mwenyewe akae mbele ya kompyuta hata kama itamchukua siku nzima.

NyandaZaJuu
Pole sana, dada Subira. Narudi kwa DktUluguru. Katika kata yetu, ng'ombe akilala chini usiku, anayepigiwa simu ni afisa mifugo mwenye stashahada au astashahada, na ndiye anayekuja na pikipiki yake. Daktari yuko makao makuu ya wilaya. Wafugaji wanatuita madaktari, nasi hatujawahi kuliomba jina hilo.

DktUluguru
Hilo ni kweli na ninalikubali bila masharti. Lakini ndiyo sababu ya kutaka madaktari wawe wengi, ili yule wa kata awe na mtu wa kumuuliza anapokutana na kimeta au anaposhuku Homa ya Bonde la Ufa. Katika mlipuko wa 2006 na 2007 watu walikufa, hawakuwa mifugo pekee. Kutambua ugonjwa wa namna hiyo kwenye mzoga, kuchukua sampuli bila kujiambukiza na kuzuia nyama isifike buchani ni mambo yanayohitaji patholojia ya miaka kadhaa.

NjoroK
Nikiandika kutoka Kenya: huku shahada hii hutolewa Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, na pia Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Wanafunzi wetu hupangiwa nafasi kupitia KUCCPS, chombo cha kupanga wanafunzi vyuoni, kwa alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ila mgeni huomba kwa chuo chenyewe, akiwa na vyeti vilivyolinganishwa. Mafunzo ni mazuri, siwezi kuyasema vibaya. Lakini ada ya mwanafunzi anayejilipia katika fani hii ni nzito hata kwa wenyeji.

MzeeWaMalolo
Wanangu, Kabete si ugeni kwetu. Kabla ya mafunzo kuanza Morogoro 1976, Watanzania waliotaka shahada hii walikwenda huko huko Nairobi, na waliporudi ndio waliotufundisha sisi. Simkatishi tamaa mjomba.

MwanaBukoba
Shikamoo, mzee. Kwa upande wa Makerere niongeze kwamba wao hupima masomo kwa uzito: somo la msingi kwa kozi huhesabiwa mara tatu, mengine hupungua. Kwa tiba ya wanyama, D ya Kemia itamuumiza zaidi kuliko B ya Jiografia itakavyomsaidia. Tena cheti chake kitapaswa kulinganishwa na baraza lao la mitihani, na masomo kule huanza Agosti, wakati matokeo yetu hutoka Julai. Muda ni mdogo mno.

MamaKongwa
Mzee wangu, shikamoo. Nimewasoma wote. Mwanangu anauliza kama ni kweli wanafunzi huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya kugusa wanyama. Na baba yake anauliza kama msichana ataweza kumwangusha fahali.

DktUluguru
Chanjo aipate mapema, asisubiri kuambiwa, kwa maana dalili za ugonjwa ule zikishaanza hakuna tiba ya kutegemewa. Kuhusu fahali, mwambie baba kwamba ng'ombe huangushwa kwa kamba na maarifa ya mahali pa kuifunga, wala si kwa kifua. Nimefundisha wasichana wembamba waliokuwa wakifanya hivyo kwa utulivu kuliko wavulana.

MamaKongwa
Shangazi amejibu: Fizikia D, Hisabati F. Lakini limeibuka jingine. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu yake mahali ambapo cheti cha shule kina jina la baba. Je, kwa Bodi ya Mikopo kiapo cha mahakamani kinatosha, au ni lazima tuanzie RITA, wakala wa usajili wa vizazi?

MkaguziNyama
D ya Fizikia ni ufaulu. F ya Hisabati iangalieni kwenye safu ile ile ya mwongozo aliyoitaja DktUluguru, leo. Kuhusu jina, RITA ndio wanaohakiki cheti kwa ajili ya mkopo, kwa hiyo waulizeni wao kabla ya kulipia kiapo.

SubiraPangani
Na namba ya simu mama, umeshamsajilia yake?