Dawa ya kurudisha akili baada ya ajali ya kichwa: naomba ushauri

DadaWaKadutu: Wakubwa, hamjambo. Mdogo wangu ana miaka 24. Mwezi wa tatu pikipiki ilimwangusha hapa Bukavu, pale Essence, akalala siku tisa bila kujitambua. Sasa anatembea, anakula, ila akili haijarudi. Nikimtuma chumvi na sabuni anarudi mikono mitupu. Alikuwa fundi simu. Leo anashika bisibisi na hajui aanzie wapi. Nasikia kuna dawa za kuamsha ubongo. Ipi nzuri?

MzeeWaPanzi: Pole mwanangu. Alivaa kofia ngumu? Vijana tunawaambia kila siku. Mimi nilianguka kutoka kwenye lori njia ya Uvira, mke wangu akaninywesha uji wa soya mwaka mzima. Nilipona bila kidonge.

Furaha_Nyawera: Kofia haimsaidii sasa, mzee. Dada, mpeleke kwenye maombi.

Kijana_Ibanda: Mimi chumvi naisahau bila ajali, mnikumbuke kwenye hiyo dawa.

Muuguzi_Nguba: Dada, kwanza tuambie anameza nini sasa. Amewahi kuanguka kifafa?

DadaWaKadutu: Anameza vya kawaida tu. Pirasetamu inafaa?

Muuguzi_Nguba: Soma jina kwenye boksi.

DadaWaKadutu: Gardenal. Alianguka kifafa mara mbili mwezi wa nne. Waliandika kidonge kimoja usiku. Mimi naongeza cha asubuhi, maana kumwona mtoto wangu akitetemeka vile siwezi tena. Na shemeji nimeshamtumia dola 60 aninunulie Ritalin Nairobi. Msinilaumu. Ninyi hamlali naye chumba kimoja.

Muuguzi_Nguba: Sikulaumu. Lakini Gardenal, pamoja na kuzuia kifafa, huleta usingizi na kupunguza kasi ya kufikiri. Hicho cha asubuhi huenda kinazidisha ukungu uleule unaotaka kuuondoa. Usiikate ghafla, tafadhali! Kifafa kinaweza kurudi na kisikome. Munganga, yaani daktari wa hospitali, ndiye apunguze au abadilishe.

Hizo za kuamsha: sitikolini ilijaribiwa Marekani kwa watu 1,213, matokeo yakatoka 2012. Baada ya siku 90, walioimeza hawakuwashinda waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka huohuo amantadini ilionekana kuharakisha kupona kwa wagonjwa ambao fahamu zilikuwa bado hazijarudi vizuri; wako ameshaamka. Ritalin inaweza kusaidia umakini na kasi ya akili, kumbukumbu si sana, na hupandisha mapigo ya moyo na presha, kwa hiyo lazima afuatiliwe. Pirasetamu hapewi mtu anayevuja damu ubongoni, na picha ya kichwa hujatuambia ilionyesha nini.

Kijana_Ibanda: Samahani, uzi huu umetungwa. Juu kaandika "mdogo wangu", chini "mtoto wangu". Kesho mtaona namba ya simu ya kuuza vidonge.

Furaha_Nyawera: Hata mimi nilishtuka hapo.

MzeeWaPanzi: Ninyi mlikulia wapi? Mama akifa, dada mkubwa ndiye mama.

DadaWaKadutu: Mama alituacha huyu akiwa na miaka minne. Nilimbeba mgongoni nikiuza ndizi sokoni Kadutu. Siuzi dawa yoyote. Shemeji nimemwambia asubiri, ingawa hizo pesa sijaziomba zirudi. Kesho tunaenda hospitali na boksi. Naogopa munganga atanigombeza kwa kile kidonge cha asubuhi.

Kijana_Ibanda: Nisamehe dada.

Muuguzi_Nguba: Akigombeza, vumilia, lakini mwambie idadi ya kweli. Andika tarehe za kifafa na saa anazolala mchana. Na mdogo wako mnunulie daftari dogo la mfukoni, chumvi na sabuni aziandike mwenyewe kabla hajatoka.

DadaWaKadutu: Hapendi nikieleza habari zake mbele ya watu. Niingie peke yangu?

Muuguzi_Nguba: Ingieni wote wawili. Yeye aanze kusema.