Mrejesho: kibao cha sangara na sato kwa Kifaransa

Wakuu, niliuliza kwa nini "perche frais" (frais ni "mbichi, wa leo") ni kosa kwenye kibao cha samaki hapa Mwanza. Asanteni sana, kimeshasahihishwa. Perche (sangara) ni nomino ya kike, hivyo "perche fraîche". Tilapia (sato) ni ya kiume, "tilapia frais". Kwa wingi: "perches fraîches", ila "tilapias frais", maana frais tayari inaishia na s.

Kigumu zaidi ni mpangilio. Frais hapa hufuata nomino, gros (kubwa) huitangulia: "une grosse perche fraîche". Wingi wake si "des grosses" (des ni kibainishi cha wingi, mbele ya nomino). Kwa maandishi sanifu des hugeuka de kivumishi kikitangulia: "de grosses perches fraîches". Hiyo de kweli inasahaulika mno! Kwenye matamshi, fraîche huishia na sauti ya sh, frais huishia na irabu.